Picha za Nyumba Zisizo na Paa

Charlotte, mke wa mwanangu, alinisubiri mlangoni mwa kanisa kabla ya misa. Alinisalimu kwa kupiga magoti, kama alivyolelewa, lakini maneno yake aliyasema akiwa amekwisha kusimama, huku akinitazama usoni. Hapo nikajua kwamba alikuwa ameyaandaa kwa siku nyingi.

"Baba, nimesikia leo mnakwenda bondeni na Tambwe kupiga picha. Nami nitakwenda. Tukimkuta Félicien, nitarudi naye nyumbani nimpikie. Tusipomkuta, uniachilie."

"Mambo haya hayasemwi mlangoni mwa kanisa."

"Nyumbani husemi, baba. Ukiniona ninakuja, unafungua kitabu."

Watu walikuwa wanapita, wengine wakipunguza hatua ili wasikie. Nilinyoosha koti langu nikamwambia, "Utakaa nyuma, na hutalia mbele ya watu." Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yangu.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka elfu moja mia kenda sitini na sita. Félicien, kifungua mimba wangu, alikuwa mkuu wa shule ya Kanyegere katika bonde la Ruzizi. Alikabidhiwa shule hiyo mwaka ule wa uhuru, Wazungu walipofunga masanduku yao, naye akawa mtu mweusi wa kwanza kuiongoza. Siku hiyo nilivaa tai, nikaenda kwa miguu kutoka barabara kuu ili watu wote wanione ninakwenda wapi. Uasi ulipoingia bondeni, miaka miwili kabla ya safari hii, wakazi walikimbilia milimani, wengine walivuka mto. Félicien hakuonekana milimani, wala ng'ambo ya mto, wala katika maiti zilizookotwa barabarani.

Katika ukoo wetu, mtu aliyepotea bila maiti kuonekana hafi mpaka baba yake aseme kwamba amekufa. Kabla ya baba kusema, hakuna anayenyoa nywele, hakuna matanga, na mke wake ni mke. Padri naye alikuwa na sheria inayofanana na hiyo: hakuweza kumfungisha Charlotte ndoa na mtu mwingine bila shahidi wa kifo. Na mtu mwingine alikuwepo. Aliitwa Léopold, mwuguzi wa mtaa wa Kimanga, kijana mpole aliyekuwa amekwisha kunitumia wazee mara mbili. Mara zote mbili niliwapa wazee chakula, nikawarudisha.

Sikufanya hivyo kwa ukaidi. Wanawake walioleta mihogo sokoni Mulongwe walisimulia kwamba kila Jumapili asubuhi, katika magofu ya Kanyegere ambako hakuna anayeishi, inasikika kengele ya shule, ile rimu ya gurudumu la lori iliyotundikwa kwa mnyororo. Nilipiga hesabu yangu kama mtu aliyesoma. Ni nani atakayeipiga saa ya misa, isipokuwa Mkristo? Ni nani anayeijua rimu hiyo, isipokuwa mwenye shule? Huenda mwanangu alikuwa amerukwa na akili kwa yale aliyoyaona. Mtu aliyerukwa na akili huweza kutibiwa. Maneno haya nilimwambia mke wangu Agathe peke yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuchambua maharagwe.

Kwa hiyo padri alipotafuta mtu wa kumwongoza mpiga picha kwenye majengo ya misheni yaliyobomolewa, ili askofu ayaone na kuomba mabati, nilijitolea kabla hajamaliza kueleza.

Baada ya misa tulimkuta Tambwe ameegemea gari lake, Pejo kuukuu yenye mlango mmoja wa rangi tofauti. Tambwe alikuwa Mwislamu wa mji wetu wa Uvira, mjukuu wa wafanyabiashara wa ziwani, na chumba chake cha kupigia picha kilikuwa Kimanga.

"Mwalimu Ildephonse! Misa yenu ni ndefu kuliko Ramadhani. Nimefunga, nimefungua, bado mnaimba."

"Ungeingia ndani ungejifunza kitu."

"Ningeingia, nani angelinda gari? Wakristo wote walikuwa wanatubu wizi wao." Kisha akamwona Charlotte nyuma yangu, akavua kofia yake. "Karibu, dada. Kiti cha nyuma kina springi moja imetoka, ukae upande wa kushoto."

Tulikwenda kaskazini tukaliacha ziwa nyuma yetu. Kwenye kizuizi wanajeshi walituuliza kwa Kilingala tunakwenda wapi. Tambwe aliwaonyesha karatasi ya padri na kuwapiga picha ya uongo, bila filimu, wakasimama vizuri na kucheka, wakatupisha. Baada ya hapo hakuna aliyecheka tena kwa muda mrefu. Bonde lilikuwa la kijivu. Moshi wa nyasi zilizochomwa ulikuwa umening'inia chini, na milima ya Rurambo haikuonekana. Mashamba ya pamba niliyoyajua yakiwa meupe hadi upeo wa macho yalikuwa vichaka.

Tulianza na ghala la pamba. Kuta zilisimama, paa lilikuwa limechukuliwa lote, hata misumari. Kisha zahanati: vitanda vya chuma vilikuwa vimepotea, na juu ya sakafu ya wodi ya wazazi mbuzi walikuwa wamelala. Kisha nyumba ya mlowezi mmoja, ambamo mtini ulikuwa umepasua chumba cha kulia na kutoa tawi dirishani kama mtu anayetaka hewa. Hiyo haikuwa ya misheni, lakini Tambwe aliipenda.

"Usipoteze filimu," nilimwambia. "Na kamera uishike wima."

"Mwalimu, nyumba yenyewe imelala. Nitaipiga wima namna gani?"

"Askofu asifikiri kwamba mpiga picha alikuwa amelewa."

"Afikiri hivyo hivyo. Atatuma mabati kwa huruma."

Charlotte alikuwa anabaki garini kila tuliposimama. Katika zahanati tu alishuka, akasimama mlangoni pa wodi. Marie-Rose, mjukuu wangu, alizaliwa humo. Na niseme hapa, kwa kuwa ni kweli, kwamba wakati wa safari ile mtoto huyo alikuwa anajua kuandika jina lake lote na langu kabla hajang'oa jino la kwanza.

"Alikuja usiku huo na baiskeli," Charlotte alisema, bila kumwambia mtu. "Alileta sabuni. Watu wengine wanaleta kuku. Yeye alileta sabuni."

Mimi ndimi niliyemfundisha kwamba usafi huja kwanza.

Kanyegere iko mbali kidogo na barabara, mahali ambapo ardhi inaanza kupanda. Tuliliacha gari kwenye daraja lililovunjika, tukaenda kwa miguu. Kanisa dogo lilikuwa rundo la matofali. Shule ilikuwa bado na kuta zake, madarasa yakiwa yamefuatana mstari mmoja, bila paa, bila milango, na nyasi zikifika kwenye madirisha. Rimu ilikuwa inaning'inia mahali pake. Chini yake ardhi ilikuwa imekanyagwa, haina hata jani, na ukutani pameegemezwa kipande cha chuma cha kuipigia. Katika darasa la mwisho moshi mwembamba ulikuwa unapanda.

Moyo wangu ulifanya jambo ambalo sikuliruhusu. Nilipita mbele ya wenzangu, nikaita jina la mwanangu kwa sauti ambayo nilikuwa naitumia akiwa mdogo na amechelewa kurudi kutoka ziwani. Nikaita tena.

Aliyetoka ni mwanamke mzee. Alikuwa amejifunga kitambaa kimoja, na begani amevaa koti la mwanamume, la rangi ya majivu, lililochakaa viwiko. Charlotte alikamata mkono wa Tambwe, akasahau kwamba huyo si ndugu yake.

"Koti hilo," alisema. "Vifungo hivyo nilishona mimi."

Mwanamke alitutazama mmoja mmoja. Alipofika kwangu alikaa chini polepole, pale pale kwenye kizingiti, kama mtu aliyebeba mzigo na kuambiwa autue.

"Mumechelewa," akasema. "Minye nilikuwa nangojea mwaka ya kwanza. Mwaka ya pili nikasema hawa watu hawana mutoto."

"Wewe ni nani?" niliuliza.

"Nabintu. Nilikuwa nauzisha pombe ya ndizi, pale kwa njia. Mwalimu alinichukia sana. Alimwaga mitungi yangu mbele ya wanafunzi, nikamulaani mpaka kwa babu yake."

"Ni nani anayepiga kengele hii?"

"Ni minye."

"Wewe ni Mkristo?"

"Hapana."

"Basi kwa nini unaipiga Jumapili?"

Alinishangaa, kama kwamba mimi ndiye nisiyejua mambo. "Kwa sababu yeye alikuwa anaipiga Jumapili. Muntu hajafungiwa kaburi na watu wake, anabaki na kazi yake mu kichwa. Kengele isipolia, atainuka aje kuipiga mwenyewe. Weye ungependa ainuke vile alivyo sasa?"

Tambwe alisema maneno ya dini yake kwa sauti ndogo. Mimi nilikuwa bado nimesimama wima. Nilimwambia mwanamke yule kwamba koti si ushahidi. Makoti yaliibwa mengi wakati wa uasi. Nilimwambia kwamba walimu walikuwa wengi, na watu waliokufa walikuwa wengi, na kwamba asiyejua kusoma huweza kumchukua mtu mmoja kwa mwingine. Nilisema kwa utaratibu, jambo la kwanza, jambo la pili.

Alinisikiliza, kisha akasema, "Alikuwa murefu. Alikuwa hacheki. Na kama anasema neno anataka ulishike, anainua kidole hivi, kinabaki juu mpaka useme ndiyo."

Aliinua kidole chake cha shahada. Tambwe alikitazama kidole hicho, halafu akatazama mkono wangu. Charlotte naye aliutazama. Kidole changu kilikuwa juu, mbele ya uso wangu, sijui tangu lini. Nilikishusha, na mkono ule sikujua niuweke wapi.

"Endelea, mama," Charlotte alimwambia. "Sema yote."

Nabintu alieleza. Watu walikuwa wamekwisha kukimbia. Yeye alibaki kwa sababu ya mguu wake mbaya, na mwalimu alibaki kwa sababu ya shule. Walikuja watu wa bunduki. Hakujua ni wa upande gani; kwanza walipita wale, halafu wale wengine, na nguo zao zilifanana kwa uchafu. Walitaka kulala madarasani. Mwalimu alisimama mlangoni akawaambia kwamba wanaweza kuingia, lakini hapa ni shule, bunduki zibaki nje.

"Walicheka kwanza," Nabintu alisema. "Mukubwa wao akamwambia, 'Mwalimu, toka hapo, usitufanyie mchezo.' Yeye akainua kidole."

Alikigusa kwa kiganja kizingiti alichokalia.

"Walipoenda, nilimuvuta. Nilimuvua koti, kwa sababu koti haikuwa na damu, ilikuwa kwa kiti. Nilichimba ndani ya darasa, kwa sababu inje kulikuwa fisi. Jembe ilikuwa ya kupalilia, kaburi haikuenda chini." Akainamisha kichwa. "Mwanamuke hachimbi kaburi. Minye najua. Ndiyo maana sikukuja kuwaambia. Wangesema, huyu amechimba kaburi na mikono ya mwanamuke, ndiyo maana mvua haiko, ndiyo maana watoto wanakufa. Wangenifukuza hata hapa."

Alituonyesha. Sakafu ya darasa la mwisho ilikuwa ya udongo uliofagiliwa. Mbele, mahali pa meza ya mwalimu, palikuwa na tuta fupi, lililozungukwa na vipande vya matofali. Hakukuwa na msalaba. Alama za ufagio zilionekana zimepita pande zote.

Charlotte, ambaye miezi yote hiyo alikuwa ameniomba neno moja tu, alipiga magoti pale akaanza kulia, tena kwa sauti, na nikasahau kwamba nilikuwa nimemkataza. "Si hivyo," alikuwa anasema. "Si hivyo nilivyoomba, Mungu wangu. Niliomba nijue, sikuomba iwe hivi." Halafu akanigeukia. "Usiseme, baba. Ukisema, itakuwa kweli. Turudi. Nitangoja. Nitamwambia Léopold atafute mwingine."

Kwa hiyo aliyetaka niseme sasa alinizuia, na mimi niliyekataa kusema nilibaki peke yangu na neno hilo. Msomaji asifikiri kwamba nilikuwa na hekima yoyote wakati ule. Nilikuwa natazama ukuta. Nilikuwa natafuta bado, kwa aibu yangu, sababu nyingine ya jembe, na ya koti, na ya kidole. Zilikuwa hazipo.

Tambwe alikuja karibu nami. Hakukuwa na mzaha usoni mwake. "Mwalimu, huyu mama ndiye shahidi wa padri. Bila yeye dada huyu haolewi. Lakini akisema mbele ya padri kwamba alichimba, Uvira nzima itajua kabla ya jioni. Unajua watu."

Nilijua watu. Nilijua pia sheria yetu nyingine, mbali na ile niliyokuwa nimeitumia kama ukuta: kaburi ni la yule aliyeweka udongo wa mwisho. Kama mimi ningeondoka bila kuweka, kaburi lingebaki la Nabintu, na mwanangu angebaki bila baba. Kama ningeweka, kaburi lingekuwa langu, kisheria na kwa kweli, wala hapangekuwa na uongo. Na Félicien angekuwa amekufa.

Nilivua koti langu la misa, nikamwambia Nabintu alete jembe.

Lilikuwa jembe dogo, mpini umepasuka. Nilianza kuchimba kandokando ya tuta, nikipandisha udongo juu yake. Ardhi ilikuwa ngumu kama chungu. Tambwe alitaka kunisaidia, nilikataa. Nilichimba mpaka shati langu likashikamana na mgongo, mpaka tuta likawa refu kama kaburi la mtu mzima linavyopaswa kuwa. Kisha niliweka jembe chini, nikachukua udongo kwa mkono wa kuume.

"Félicien, mwana wa Ildephonse, amekufa," nilisema. "Mimi baba yake nimesema. Kaburi hili nimelichimba mimi." Nikaumwaga.

Charlotte alifuata, kisha Nabintu, nami nikarudia ili udongo wa mwisho uwe wangu. Nilisali Baba Yetu. Nilikosea katikati, mimi niliyeifundisha kwa miaka yote, na Charlotte akanisaidia kuendelea.

Filimu ilikuwa imebaki na picha moja. Ilikuwa imewekewa kanisa, kwa ajili ya askofu. Nilimwambia Tambwe apige kaburi, na Nabintu asimame karibu nami.

"Musinitie mu picha," alisema, akirudi nyuma. "Na mikono hii!"

"Mikono yako haina kosa. Simama hapa, dada yangu."

Alisimama. Alitaka kuvua koti anirudishie, Charlotte akamfunga vifungo vyake. Tambwe alichukua muda mrefu kuliko kawaida akiinamia kamera. Mimi, ambaye katika picha zote hutazama mbele na kidevu juu, sijui nilitazama wapi. Picha ile iko kwa mjukuu wangu Marie-Rose, ambaye sasa anaongoza shule yake mwenyewe, nami sijaitazama.

Nabintu alikubali kuja kwa padri Jumapili iliyofuata. Tulimwachia mkate na samaki tuliobeba, na mishumaa ambayo Charlotte alikuwa ameinunua kanisani. Tulirudi bila kusimama popote. Tambwe aliendesha polepole kama mtu aliyebeba mayai. Karibu na Kavimvira ziwa lilitokea tena, zito, halina rangi.

Léopold alikuwa barazani pa nyumba yake Kimanga, amevaa suti, tangu asubuhi, nadhani. Kwa desturi, mtu wa nyumba yangu hakupaswa kumwendea yeye. Yeye ndiye alipaswa kuja. Nilimwambia Tambwe asimamishe gari, nikashuka.

"Mwanangu amekufa," nilimwambia. "Kesho tunaanza matanga. Utakuja kama watu wengine, utakaa mwisho. Baada ya matanga utatuma tena wazee wako. Mtoto ni wa nyumba yangu, lakini atalala kwa mama yake."

"Pole sana, baba."

"Usiniite baba bado."

"Ndiyo, Mwalimu," alisema, machozi yakimtoka, na nikaona kwamba alikuwa mtu mwema, jambo ambalo halikunisaidia hata kidogo.

Agathe alikuwa uani. Alitazama suruali yangu na viganja vyangu, akatazama uso wa Charlotte aliyekuwa anaingia nyuma yangu. Alimwita Marie-Rose, akamsogeza kwa mama yake. Kisha akaingia ndani, akatoka na bakuli la maji, sabuni na wembe, kwa maana kichwa cha baba ndicho hunyolewa kwanza.

"Ulijua?" nilimuuliza.

"Nilikungoja wewe," alisema.

Nilibaki nimesimama katikati ya ua. Alilowesha nywele zangu kwa kiganja, akinyoosha mkono, maana yeye ni mfupi.

"Inama, Ildephonse," alisema. "Sifikii."

Nikainama.